Usukani Bila Bosi

Jino langu la mbele lina pengo dogo upande wa kulia, na kila anayeniuliza lilivunjika vipi namwambia ukweli: nilipigwa na usukani. Watu hunipa pole wakidhani nilipata ajali. Ajali gani! Gari lilikuwa limesimama uani kwangu Bigwa, halina hata tone la petroli, na aliyeuvuta usukani ule mpaka ukamrukia usoni ni mimi mwenyewe. Marehemu mama alikuwa akiniambia hasira ni hasara, na mimi nilikuwa namjibu kwamba hizo ni methali za watu wapole. Basi.

Gari lenyewe lilikuwa pikapu ya mjomba, kaka yake mama. Kwetu Uluguru ukoo unakwenda upande wa mama, kwa hiyo cha mjomba huwaangukia wapwa zake, na wapwa tulikuwa wawili tu, mimi na kaka yangu. Mjomba alikuwa hai na mwenye maneno yake, ila macho yalikuwa yamemwisha. Lilipoanza kufifia jicho la kwanza alinifundisha kuendesha ili niwe namteremsha mjini. Lilipofunga la pili alirudi kijijini kwake juu Mgeta, gari akaliacha kwangu. Halafu siku moja likanasa kwenye tope pale pale Bigwa, wanaume wakaja kusukuma, mmoja akaingiza mikono dirishani kuvuta usukani. Plastiki ya watu, imepigwa na jua miaka kumi na tano, imefungwa tyubu ya baiskeli kila palipopasuka. Ilikatika. Yule bwana akabaki ameshika nusu duara mkononi, ananitazama mimi, anatazama ile nusu duara, anasema, "Samahani, mwalimu."

Mwanzoni mwa mwaka mjomba alituita mimi na kaka. Alikuwa amejifunika blanketi barazani, maana Mgeta kuna baridi ya kweli, akatuambia hivi:

"Wapwa zangu ni wawili na gari ni moja. Sitaki mje mgombane mimi nikiwa udongoni. Atakayelifikisha hapa uani kwangu kabla ya masika, ni lake peke yake. Masika yakianza likiwa bado Bigwa, kaka mtu aliuze, mgawane."

Kaka yangu aliitikia haraka mno. Yeye alikuwa dereva wa trekta huko Turiani, na mteja alishampata, mtu wa kulichinja gari auze injini huku, milango kule. Kwake kazi ilikuwa moja tu, kusubiri mvua. Tulipokuwa tunateremka mlima kwa miguu aliniambia, "Mdogo wangu, usijisumbue. Gari halina usukani, utalipeleka Mgeta kwa kulivuta pua?"

Nililitaka gari lile. Nasema waziwazi, sioni haya. Miaka ile mshahara wa mwalimu ulikuwa unakwisha kabla hujaukunja, na kila mwalimu alikuwa na mradi wake: huyu maandazi, yule barafu, mwalimu mkuu kuku. Mimi nilikuwa nimeshaona mradi wangu, kabichi na karoti za Mgeta zinazoozea njiani kwa kukosa usafiri. Lakini si hilo tu. Mwaka uliotangulia nilikuwa nimeachana na mume wangu, nikatoka katika nyumba ile na godoro, sufuria mbili na sanduku la vitabu. Nilitaka kitu kimoja kikubwa ambacho mtu akiuliza ni cha nani, jibu liwe mimi.

Zamani kidogo tu nisingethubutu. Zile zilikuwa siku za kupanga foleni ya sukari na huku miwa unaiona shambani kwa macho yako. Spea ya gari ulikuwa unaiota tu. Ila sasa kila kitu ruksa. Mjini Morogoro maduka yalikuwa yamechipuka kama uyoga, yamejaa vitu vya Dubai na mitumba ya Japani, vioo, taa, redio zinazowaka rangi tatu. Jumatatu moja, masika yakikaribia, baada ya vipindi nikavaa viatu vyangu vya safari, nikaenda duka la spea.

Usukani wa gari la mjomba hawakuwa nao. Gari la zamani lile, alisema mwenye duka, hata waliolitengeneza wamelisahau. Alichokuwa nacho ni usukani mmoja tu umening'inia msumarini: mdogo, mweusi, umevikwa ngozi na kushonwa kwa uzi mwekundu, na mikono yake mitatu ya bati ina matundu. Usukani wa magari ya mashindano. Niliushika. Ulikaa mkononi vizuri, nikasema nachukua huu.

Yule bwana akaugeuza, akautazama nyuma, akanitazama mimi. "Mwalimu, huu haufungwi bila bosi."

"Unasemaje?"

"Bila bosi haufungwi. Una bosi nyumbani?"

Ala! Damu ilinipanda mpaka masikioni. Mtu ninampelekea fedha yangu, ananiuliza kama nina mwanamume nyumbani! Nikamwambia, "Sikiliza wewe. Nyumbani kwangu bosi ni mimi. Asubuhi bosi ni mimi, jioni bosi ni mimi. Umekuja kuuza spea au umekuja kuoza wanawake?"

Dukani kulikuwa na wateja wawili, wakaguna. Yule bwana akafungua mdomo. "Mama, mimi nilikuwa na maana..."

"Maana yako kaa nayo. Nifungie usukani wangu."

Akanifungia kwenye gazeti. Nilipokuwa natoka mlangoni nikamsikia anasema taratibu, "Haya, lakini bila bosi utaurudisha." Sikugeuka. Nilitembea kutoka mjini mpaka Bigwa kwa miguu, kwapani nimebana usukani, moyoni namtukana matusi ambayo mwalimu hapaswi kuyajua.

Nyumbani nikaingia kazini papo hapo. Nilikuwa nimemwona mjomba mara nyingi chini ya gari lile, nikajiona najua. Nikatoa waya wa betri. Nikabandua kitufe cha honi cha katikati, ndani nikaiona nati, nikaifungua kwa spana kubwa ya mjomba. Ilikuwa imeota kutu. Ilipolegea nikaitoa yote nikaiweka kwenye kikombe. Hapo ndipo nilipokosea, na yeyote anayesoma haya ajifunze bila kulipia meno: nati haitolewi yote. Unaiacha izunguke mara mbili tatu, ndipo unavuta, ili usukani ukichomoka uishie pale. Mimi nikaketi kitini, nikaushika usukani uliovunjika pande mbili, nikamkumbuka mwenye duka na "una bosi nyumbani" yake, nikavuta kwa hasira zote za mwaka ule. Haukutoka. Nikavuta tena. Ulipotoka ulitoka wote kwa mara moja, ukanipiga mdomoni.

Nililia, ndiyo. Nikasukutua kwa maji ya chumvi, nikarudi garini. Maji nilishayavulia nguo.

Nikachukua usukani mpya, nikauelekeza kwenye ile shafti yenye meno ambayo usukani hukalia. Ukapita wote. Ulishuka ukaning'inia kama bangili kwenye kijiti, maana tundu lake la katikati lilikuwa pana kama mdomo wa kikombe, limezungukwa na vitundu sita vya boliti. Nikaugeuza. Nikautazama ule wa zamani. Katikati ya ule wa zamani kulikuwa na kipande kizito cha chuma chenye meno ndani, yale yanayong'ata shafti. Katikati ya huu mpya hakukuwa na kitu. Palikuwa panangoja kipande.

Loo! Nikakaa chini palepale kwenye ngazi ya gari. Bosi si mtu. Bosi ni kile kipande.

Nami nafundisha Kiswahili! Usiku kucha nilikuwa najitetea kitandani, mdomo umevimba. Angesema "bosi ipo nyumbani?" ningejua anazungumzia chuma. Angesema "bosi yupo?" ningekuwa na haki ya kumtusi. Lakini "una bosi" haina ngeli, inabeba mtu na inabeba chuma. Na mimi sikumpa nafasi ya kufika kwenye ngeli.

Kesho yake nilirudi. Ningeweza kumtuma mtu, lakini nilijiambia mdomo uliokosea ndio uende. Mwenye duka aliponiona, na mdomo wangu kama andazi, akaweka kalamu chini.

"Karibu, bosi," akasema.

Wateja wakacheka. Nami nikacheka, kwa upande mmoja, maana ule mwingine ulikuwa unauma. Nikamwambia, "Nisamehe, ndugu yangu. Nilikusikia vibaya."

"Ulinisikia vizuri, ila ulinijibu vibaya," akasema, akaniletea kigoda. Bosi ya gari la mjomba hakuwa nayo wala hajawahi kuiona. Ila alinipa njia. Ule usukani wa zamani nisiutupe, alisema. Bosi iko ndani yake. Nimpelekee fundi mchonga vyuma, akate ile mikono, abakishe kile kipande cha katikati, atoboe matundu sita yapatane na ya usukani mpya.

Fundi niliyeelekezwa alikuwa na karakana njia ya Mazimbu, mzee mmoja mkimya ambaye alipima kila kitu mara tatu na kunifukuza mlangoni kila nilipouliza kama amemaliza. "Mwalimu, hiki kikilegea ukiwa mlimani utafika chini kabla ya gari. Niache." Nilimwacha. Siku ya nne akanikabidhi. Kipande cha mjomba kilikuwa kimefungwa nyuma ya usukani wa Dubai kwa boliti sita, kimesuguliwa mpaka kinang'aa, na ukikitikisa hakitikisiki. Sijawahi kushika kitu kilichotengenezwa kwa haki kama kile.

Ijumaa jioni wingu lilikuwa limekaa juu ya milima, jeusi, wala halikuwa na haraka. Kaka alikuwa ameshakuja kutoka Turiani. Alisema amekuja kunisalimu. Kumbe alikuja kuitazama mvua. Akakaa juu ya ndoo akinitazama nafunga usukani, akaliona jino, akacheka mpaka akashika mbavu.

"Umeng'atana na gari?"

"Cheka. Kesho utapanda upande wa abiria."

Nikauingiza usukani shaftini, nikakaza nati kwa nguvu zangu zote, na kaka, nisimnyime haki yake, akashuka kwenye ndoo akaikaza nusu mzunguko tena. Kitufe cha honi cha zamani hakikuingia kwenye usukani mpya. Pale katikati pakabaki tundu wazi, waya wa honi nikaukunja nikauzungushia utepe. Nikarudisha waya wa betri, nikatia petroli, nikalijaribu gari barabarani. Lilikwenda sawa, lakini kulinyoosha ilibidi usukani uulaze kushoto, umekaa upogo, kama kofia ya mlevi. Sikuwa nimetazama magurudumu wala kutia alama yoyote siku ile nilipoutoa ule wa zamani. Ningefungua na kuanza upya, lakini wingu lile, hapana. Nikasema upogo haujamzuia mtu kufika.

Tuliondoka alfajiri Jumamosi. Kaka alipanda. Alisema dereva mwanamke, gari bovu na mlima ni vitu ambavyo hawezi kukosa kuviona. Tukapita mjini, tukashika barabara ya Iringa, pale Mzumbe tukakata kushoto kuingia milimani, na hapo ndipo nilipojua kwa nini usukani wa zamani ulikuwa mkubwa. Usukani mdogo ni mzuri kwa lami. Kwenye mawe na kona za Uluguru kila kuzungusha ni kama kufungua mtungi uliokwama. Mabega yaliniwaka kabla hatujapanda hata nusu.

Na kona zenyewe bila honi! Barabara ile ina upana wa gari moja, huku mlima, huku korongo, na lori la kabichi likiteremka halikuoni mpaka mmeshikana mapua. Kwenye kona ya kwanza nikamwambia kaka, "Piga kelele."

"Nini?"

"Gari halina honi. Toa kichwa upige kelele!"

Akanitazama kama mtu aliyetukanwa. Kisha akaona korongo upande wake, akatoa kichwa nje mpaka mabegani, akalia, "Piiiii! Piiiii! Tunakujaaa!" Akapigapiga na mlango kwa kiganja. Kona ya pili vilevile. Kufika kona ya ishirini sauti yake ilikuwa imekauka, wanawake wenye matenga ya karoti kichwani wanasimama kando wanakufa kwa kicheko, na kaka yangu, dereva wa trekta, analia piii kama kifaranga. Mabega yanauma, jino linauma, lakini nilikuwa na furaha mpaka naogopa.

Matone ya kwanza yalitukuta chini ya mwinuko wa mwisho, ule wa udongo mwekundu unaoingia kijijini kwa mjomba. Mvua yenyewe bado, lakini udongo ule hauhitaji mvua, unahitaji kisingizio. Nikapanda, tairi za nyuma zikateleza, tukarudi. Nikapanda tena, tukarudi.

Kaka akaweka mkono begani kwangu, kwa upole. Upole ule ndio ulionitisha. "Mdogo wangu, umejitahidi. Shuka nikupandishie. Hapa tu, mita mia mbili."

Nilijua hesabu yake. Anayeingiza gari uani ndiye anayelifikisha. Na nakiri, nilitaka kushuka. Kwa muda wa kupumua mara tatu hivi nilitaka mtu mwingine ashike, mimi niwe abiria, kama nilivyokuwa abiria miaka yote ya ndoa yangu. Halafu nikatazama ule usukani umelalia kushoto, na lile tundu katikati.

"Kaka, shuka wewe," nikasema. "Weka mawe nyuma ya tairi, halafu usukume."

"Wewe una kichaa."

"Ninacho. Shuka."

Alishuka. Akaweka mawe, akatupia majani ya migomba mbele ya tairi, akasukuma, na alisukuma kweli, damu ni damu. Nikaweka gia ya kwanza, nikaukumbatia usukani kwa mikono yote mpaka kwenye viwiko, nikapanda. Gari likalia, likateleza upande, likashika jani, likashika jiwe, likapanda. Sikusimama kumsubiri. Niliogopa nikisimama halitaondoka tena. Niliingia uani kwa mjomba kuku wakitawanyika, nikazima, nikabaki nimeshika usukani, vidole vimegoma kufunguka.

Mjomba alikuwa barazani na blanketi lake, uso kauelekeza kwetu.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba."

Kaka akatokea nyuma anahema, matope mpaka magotini, sauti imebaki nyuzi. "Shikamoo, mjomba. Tumefika. Tumelileta gari."

"Marahaba. Mmelileta." Mjomba akavuta blanketi. "Nimekuwa nawasikiliza tangu kona za kule chini. Kuna mwanamume alikuwa analia dirishani kila kona."

Kaka akapangusa matope magotini.

"Ulikuwa wewe?"

"Honi ilikatika, mjomba."

"Basi wewe ulikuwa honi," akasema mjomba. "Na honi haiendeshi gari. Ingia ndani upewe uji, umelia sana."

Kaka akanitazama. Kisha akaanza kucheka, kicheko kibovu cha sauti iliyokauka, akaingia ndani kutafuta uji. Nilimpenda siku ile kuliko siku yoyote kabla yake.

Mjomba akaniambia nimpeleke garini. Akapanda, akakaa kwenye kiti chake cha zamani, akapapasa. Alipougusa usukani mikono yake ikarudi nyuma. "Nini hiki? Mdogo hivi? Ngozi?" Nikamweleza yote: duka, bosi, matusi yangu, jino, fundi wa njia ya Mazimbu. Alicheka mpaka akakohoa. Kisha akachomeka kidole kwenye lile tundu la honi, akatafuta humo ndani taratibu, na kicheko kikaisha.

"Hiki ni changu," akasema.

"Ndiyo, mjomba. Bosi ni ya ule wa kwako."

"Nilitia alama hapa kwa tupa, zamani, kabla macho hayajaharibika. Moja kwenye chuma hiki, moja kwenye shafti. Zinatakiwa zitazamane." Kidole kikazunguka tena. "Hazitazamani. Umekifunga upogo."

Nikasema ndiyo. Nilihisi aibu kama mtoto wa darasa la tatu. Safari yote ile, na alama ilikuwa pale, nimeitazama siku tano bila kuiona, akaiona asiye na macho.

Akaingiza mkono ndani ya shati, akatoa mfuko wa nailoni uliokunjwa mara nyingi. Ndani kulikuwa na kadi ya gari. Hakusema hongera. Aliiweka mapajani kwangu, akaigonga kwa kidole mara mbili.

"Kesho asubuhi tutaufungua, tuufunge upya. Nati usiitoe yote, umebaki na meno machache," akasema. Akashika usukani wake ambao haukuwa wake tena, akautikisa kidogo kama anayeuaga. "Sasa gari lina mwenyewe. Bosi hakai upogo."

Mvua ilikuwa imeanza kweli, inapiga bati la paa la gari. Niliikunja kadi nikaitia kifuani, nikageukia dirishani asinisikie nikilia, ingawa alinisikia. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili. Nilisikia vizuri kwamba hakusema "haikai".